Tumefunga kwa Ukarabati

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo saa nne asubuhi, na paa la karakana limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya pipa la jasi. Nimesogeza pipa. Fundi wa paa aliniapia mwaka jana kwamba kazi yake ni ya kudumu, na kweli, tundu limedumu.

Daftari hili amenipa binti yangu kabla ya kurudi chuoni anakofundisha. Anasema mtu anayeishi peke yake aongee na karatasi, asije akaanza kuongea na meno. Amechelewa. Natengeneza meno ya bandia mwaka wa ishirini na mbili huu, na meno ndiyo wasikilizaji wangu wa kwanza kila asubuhi.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Seti mbili za juu, moja ya chini.

Ijumaa, 6 Machi

Redio haina habari nyingine ila ugonjwa. Shemeji kaizima, akasema jasi haigandi vizuri ikisikia habari mbaya.

Huyu Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Naye ananiita Shemeji, kwa hiyo mteja akisikia jina hilo hajui nani kamwita nani. Mimi nachukua vipimo vya fizi na kupanga meno kwenye nta. Yeye anamimina jasi ndani ya kipimo ili tupate kielelezo cha mdomo wa mtu, na mwisho anang'arisha. Mikono yake ni mizuri. Kichwani ni mzaha mtupu, na sijawahi kumkabidhi jambo lolote zito kuliko ndoo.

Jumanne, 10 Machi

Amekuja Mwalimu, yule mama mstaafu aliyeifundisha kusoma nusu ya mtaa huu na kuiogopesha nusu nyingine. Meno yake ya zamani yamechakaa. Nimechukua kipimo, Shemeji akamshikilia kichwa kwa nyuma kama kawaida, maana ile trei ya kuchukulia kipimo ikiingia mdomoni, Mwalimu hurudi nyuma hadi ukutani.

Shemeji alikuwa anakohoa. Mwalimu akatoa trei kinywani mwenyewe, akauliza, "Huyu ana nini?"

"Vumbi la jasi, Mwalimu," nikamjibu. "Sisi wote humu tunakohoa."

Ni kweli kwamba wote tunakohoa. Lakini kikohozi cha jasi nakijua, na hiki hakikuwa hicho.

Jumatano, 11 Machi

Shemeji hakuja. Alipiga simu saa mbili na nusu, sauti imemkauka.

"Nina homa, Shemeji. Nimepita zahanati, wamenichokonoa pua. Majibu kesho."

"Wamekuuliza unafanya kazi wapi?"

"Wameniuliza. Nimewaambia sina kazi, nahangaika tu."

Alilisema hilo kama mtu aliyeniletea zawadi, nami nikaipokea. Sikumwambia rudi ukaseme kweli. Nilisema kunywa maji mengi.

Alhamisi, 12 Machi

Anao. Majibu yametoka.

Nataka niandike nilichofanya leo kwa mpangilio nilivyofanya, maana kila hatua ilionekana ndogo.

Kwanza nilipiga deki karakana yote kwa dawa, hata chini ya meza ambako sijapafikia tangu mume wangu alipokuwa hai. Pili nilikaa nikahesabu walioingia wiki hii: watu kumi na mmoja. Nikafikiria kuwapigia. Nikafikiria watakavyowaambia wenzao, na wenzao watakavyopita mbele ya mlango wangu wakivuka upande wa pili wa barabara. Biashara ya mdomo inakufa kwa mdomo. Nikamfikiria na Shemeji, anayepanga chumba kimoja katika nyumba ya watu sita wanaotumia bomba moja. Mwenye nyumba wake akisikia, godoro litamtangulia nje.

Kwa hiyo tatu, nilichukua daftari la mahudhurio, nikafuta alama zake za kuhudhuria tangu Jumatatu ya tarehe mbili, nikaandika mbele ya jina lake: likizo. Mtu akiuliza, Shemeji hakuwepo wiki mbili hizi, hakumgusa mtu. Nne, nilichukua kadibodi nikaandika kwa wino mzito, TUMEFUNGA KWA UKARABATI, nikaibandika mlangoni. Halafu nikaja nyumbani kujifungia siku kumi na nne, nijue kama nami ninao.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Niliandaa uongo wote huo, na hapakuwa na wa kumdanganya.

Ijumaa, 20 Machi

Serikali imefunga kila kitu kisicho chakula wala dawa. Mtaa mzima sasa una vibao milangoni. Changu hakionekani tena cha ajabu.

Alhamisi, 26 Machi

Siku kumi na nne zimetimia. Sina homa. Shemeji amepona, kakonda. Amesema ameanza kuhisi ladha ya sabuni tu, kwa hiyo chai anaionja kama mtu anayeoga.

Jumatano, 1 Aprili

Nimeingia karakana peke yangu kwa mlango wa nyuma kumaliza kazi zilizobaki. Seti tisa rafuni zinanicheka. Nimewapigia wenyewe. Watano wamesema hawana haraka, mmoja kanena wazi, "Mama, na hizi barakoa, nani atajua kama nina meno?" Simu ya Mwalimu imezimwa.

Alhamisi, 9 Aprili

Mwenye jengo amepiga. Ni mtu mstaarabu, hapandishi sauti. Amesema atanivumilia mpaka mwisho wa Juni, baada ya hapo ana mtu wa kuweka duka la simu. Amerudia mara mbili kwamba anasikitika, na namwamini.

Nimekaa nikatazama meza ya Shemeji. Kazi hii ikifungwa, mimi nitakwenda kukaa kwa binti yangu. Yeye hana pa kwenda.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimemkumbuka Tai. Ni wakala wa bima, na jina hilo tumempa kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai shingoni. Mwaka juzi aliniuzia bima ya moto, na juu yake akanibandikia bima ya kusimama kwa biashara. Nilikubali ili aondoke, alikuwa kwenye kikombe cha tatu cha chai.

Leo tumeongea kwa simu ya picha. Tai ipo. Aliposimama kufuata faili nikaona kaptura.

"Sikiliza, mama," akasema. "Serikali kufunga mji mzima, hiyo haimo. Hapo kampuni zote zimejikinga. Lakini iko ibara moja: kama biashara imesimama kwa sababu ugonjwa wa kuambukiza umeingia ndani ya jengo lako wewe, hiyo imo. Sasa kwa bahati mbaya kwako hapakuingia kitu."

Nikafuta kioo cha simu kwa ncha ya khanga.

"Au paliingia?"

Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia, na alifurahi kama nimejifungua salama.

Jumanne, 14 Aprili

Nimempigia Shemeji kumwomba cheti chake cha zahanati. Nimemwahidi kwamba kitaishia kwa watu wa bima. Kakituma bila kuuliza swali. Tai ametaka na daftari la mahudhurio. Nimelipiga picha kurasa zote, nimemtumia.

Mvua kubwa. Nimeweka ndoo mbili.

Jumatano, 15 Aprili

Mwalimu bado hapatikani.

Jumanne, 21 Aprili

Nimehojiwa na mkaguzi wa madai. Ni mwanamke, sauti bapa, kila jibu langu analisindikiza na "sawa" moja ya baridi. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia na yeye hakuyumba hata kidogo. Nimemchukia kabisa. Binti yangu anamwita Bi Sawa, na jina limemkaa.

Jumanne, 28 Aprili

Barua imekuja. Dai limekataliwa.

Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Wanakubali kwamba mfanyakazi wangu aliugua tarehe kumi na mbili Machi. Lakini kwa mujibu wa daftari langu mwenyewe, lenye mwandiko wangu, mfanyakazi huyo alikuwa likizo tangu tarehe mbili. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa ndani ya jengo. Kwa hiyo biashara ilisimama kwa sababu nyingine. Wametaja na kibao cha ukarabati, Bi Sawa alituma mtu akakipiga picha.

Nilikuwa nimesahau. Nililipiga daftari picha ukurasa kwa ukurasa, na macho yangu yalipita juu ya neno lile kama la mtu mwingine.

Jumatano, 29 Aprili

Tai anauliza kama nina kitu kingine chochote chenye tarehe. Nikamtajia shajara hii. Akacheka kwa upole. Shajara, amesema, mtu anaweza kuiandika jana.

Jumanne, 5 Mei

Mwalimu amepiga mwenyewe. Sauti imekuwa nyembamba, ila amri ni ileile.

"Meno uliyoniletea yananicheza. Yanatembea mdomoni."

Nilimtumia kwa mwendesha pikipiki Jumamosi, baada ya jirani yake kusema amerudi nyumbani. Sikujua amerudi kutoka wapi. Alikuwa hospitali wiki tano. Alipumulia mashine.

"Nani angedhani," akasema. "Mimi siendi popote. Ni huyu mkwe wangu, anakaa dukani kutwa kupokea noti za kila mtu, ndiye kaniingizia. Nimemwambia asikanyage mlango wangu. Kijana wangu kanuna, na anune."

Nikasema nitaangalia hayo meno.

"Uyaangalie vizuri. Ulikuwa na haraka siku ile."

Jumatano, 6 Mei

Nimeenda karakana nikateremsha kielelezo cha Mwalimu. Tunavihifadhi vyote mwaka mzima, meno yakivunjika tusimsumbue mtu kumpima upya. Meno yenyewe mwendesha pikipiki alikuwa ameyarudisha. Nikayaweka juu ya jasi: yamekaa sawasawa, hata unywele haupiti. Sikukosea kazi. Mdomo wake ndio uliobadilika. Wiki tano za kitandani zimemla hadi fizi.

Nikakigeuza kielelezo, nikaona.

Sheria ya karakana yetu aliiweka mume wangu: anayemimina jasi lazima akwaruze chini tarehe na alama yake kwa ncha ya msumari, jasi ikiwa bado mbichi. Mimi alama yangu ni mistari miwili. Shemeji huchora kikombe cha chai, na akiwa na furaha hukichorea mvuke. Pale chini paliandikwa 10/3, na kikombe. Hakina mvuke.

Nikateremsha vingine. 9/3 kikombe. 9/3 kikombe. 10/3, 10/3, 5/3, 4/3. Vielelezo kumi na vinne, vyote vya siku ambazo daftari langu linasema hakuwepo. Na huwezi kuvibuni leo. Jasi ikishakauka, msumari unaibomoa kingo kama mkate mkavu. Iliyokwaruzwa mbichi ina kingo laini zilizovimba. Fundi yeyote atakwambia.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na jasi.

Nimekaa nao mezani hadi adhuhuri, hao watu kumi na wanne bila nyuso. Karakana imeokoka kama nitavipeleka. Lakini nikivipeleka, nasema kwa sauti kwamba tarehe kumi ugonjwa ulikuwa humu ndani, nyuma ya kichwa cha Mwalimu.

Alhamisi, 7 Mei

Nimemwita Shemeji. Tumekaa kila mtu upande wake wa mlango wa nyuma, barakoa usoni, mvua katikati. Nimemweleza yote: vielelezo, bima, mwenye nyumba wake atakavyosikia. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Niliacha la Mwalimu mwisho, kwa woga.

Alipolisikia akavua kofia.

"Wiki tano?"

"Tano."

"Na mkwe wake haingii ndani mpaka leo?"

"Haingii."

Mtu huyu hufanya mzaha hata msibani, lakini leo aliikunja kofia mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akasema, "Hiyo bima ingoje, Shemeji. Kwanza Mwalimu."

"Na chumba chako?"

"Chumba ni chumba. Nitawaambia mwenyewe kabla hawajaambiwa. Na zahanati nitarudi, nikawaambie kwamba nilikuwa na kazi."

Miaka yote hii nimemkabidhi ndoo.

Jumamosi, 9 Mei

Tumeenda wote wawili. Mwalimu alikuwa barazani, shali mabegani, amebaki kama nusu yake. Bila meno mashavu yamezama. Nikamwambia ukweli bila kuuzungusha, maana nilijua nikianza kuuzungusha nitapotea: Shemeji alikuwa anaumwa siku ile, nilishuku, nikasema ni vumbi, siku mbili baadaye nikajua, nikaficha. Nikasema sina hakika kwamba ni sisi tuliokuambukiza. Lakini wiki ile, Mwalimu, wewe hukwenda kwingine.

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Aliuliza kitu kimoja, "Ungenipigia tarehe kumi na mbili, ningeenda hospitali mapema?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sawa." Halafu akageukia uani, akaita. Hakuita kwa nguvu, hana nguvu. Mkwe wake akatoka kwenye vyumba vya nyuma, mikono ina povu la sabuni, akasimama mbali, pale alipozoeshwa kusimama.

"Sogea," Mwalimu akamwambia. "Sogea zaidi. Haya, wewe fundi, rudia ulichosema. Chote."

Nikarudia. Shemeji akaongeza alipoona naruka jambo. Yule dada alinisikiliza huku povu linakauka mikononi, na nilipomaliza akaniambia tu, "Asante," akarudi kufua. Sijawahi kupewa asante nzito kama ile.

Tulipoinuka Mwalimu akanishika mkono.

"Wewe nimekusamehe," akasema. "Sasa mimi atanisamehe nani?"

Jumapili, 10 Mei

Nimewapigia wale kumi waliobaki. Wawili wamenitukana. Mmoja alikuwa ameugua kidogo, akapona. Wengine wamenishukuru, na mmoja kauliza kama meno yake yako tayari.

Jumanne, 12 Mei

Nimempigia Bi Sawa moja kwa moja, sikupitia kwa Tai. Nikamwambia daftari nililompelekea ni la uongo na kibao ni cha uongo, na nikamweleza kuhusu jasi.

Safari hii alichelewa kusema "sawa".

"Mama," akasema, "tangu Aprili watu wananitumia madaftari yaliyotengenezwa jana, wameyamwagia chai yaonekane ya zamani. Wewe ni wa kwanza kunipigia kuniambia kwamba daftari lako linadanganya." Mtoto akalia. "Samahani," akasema, na mara hii aliondoka kwenda kumchukua. Alirudi anaongea kwa sauti ya chini, yule mtoto amelala begani nadhani. Amesema atakuja kuviona kwa macho yake.

Ijumaa, 15 Mei

Shemeji amewaambia wapangaji wenzake. Mwenye nyumba kamtaka aondoke. Wapangaji watatu wamesema akiondoka nao wanaondoka, kwa sababu ndiye anayetengeneza bomba. Amebaki.

Jumatano, 27 Mei

Bi Sawa amekuja, glavu na barakoa mbili. Ni mdogo kuliko nilivyomdhania, ana macho ya mtu asiyelala. Alivigeuza vielelezo kimoja kimoja, akapitisha kidole kwenye kingo. Akamwomba Shemeji akwaruze kingine kilichokwisha kukauka. Jasi ikabomoka. Akamwomba amimine kipya, akangoja, akakwaruza mwenyewe. Alichora ua. Alipotoka alitazama dari, kisha ndoo mbili.

Jumatatu, 1 Juni

Mvua imeanza kupungua.

Jumatatu, 15 Juni

Jibu limekuja. Wamekubali dai kuanzia tarehe kumi na mbili Machi, nilipofunga, hadi kumi na tisa. Siku nane. Kuanzia ishirini, wanasema, ningekuwa nimefunga hata kama hakuna aliyeugua, kwa hiyo hasara hiyo ni ya nchi nzima, haina mwenyewe.

Tai amekasirika kwa niaba yangu, anataka tukate rufaa, tai imekwenda upande. Mimi nimejikuta nacheka. Katika miezi mitatu, zile siku nane ndizo nilizofunga kwa sababu yangu mwenyewe, na ndizo nilizozidanganyia. Wamenilipa uongo wangu kwa kipimo chake.

Nimeongea na mwenye jengo. Chumba cha mbele anachukua mtu wa simu. Mimi na Shemeji tunabaki na cha nyuma, tutabanana, kodi nusu. Malipo ya bima yatatosha jambo moja tu, na paa la chumba cha nyuma ndilo linalovuja.

Alhamisi, 18 Juni

Fundi wa paa yuko juu, si yule wa mwaka jana. Shemeji kakihamishia kile kibao mlango wa nyuma. Kasema ni vizuri kifanye kazi ya halali angalau siku mbili.

Jumatatu, 22 Juni

Tumefungua. Nimekitoa kibao, nimekichana, nimewashia jiko.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwalimu, amekuja kupimwa upya. Nilitaka Shemeji amshikilie kichwa kama kawaida, naye Shemeji alikuwa amekwisha kunawa mikono mara tatu, anasita. Mwalimu akamtikisia kidole. Akamtazama mkwe wake aliyekuwa amesimama mlangoni na mwavuli.

"Njoo wewe unishike," akamwambia. "Mimi huwa narudi nyuma."

Yule dada akaja, akasimama nyuma ya kiti, akaweka viganja vyake viwili kwenye mashavu yale yaliyozama. Trei ilipoingia Mwalimu akarudi nyuma kweli, kichwa kikaegemea kifuani mwa mkwe wake, na kikabaki hapo hata baada ya kipimo kukaza na mimi kukitoa.

Shemeji akamimina jasi. Ilipoanza kushika akachukua msumari, akachora kikombe, na juu yake akaweka mvuke. Halafu akaniuliza aandike tarehe gani.

Nikamwambia ya leo.